Darasa la mapishi ya mboga na matunda Dodoma: anzia kwenye mlenda

Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa kula mboga. Nyumba inaweza kukaa wiki mbili bila nyama na isikose mlenda, ile mboga ya majani yenye utelezi, hata siku moja. Kwa hiyo mtaalamu anayeshuka Bahi au Chamwino na kapu la karoti, kabichi na pilipili hoho, akawaambia kina mama "kuleni mboga", atapigiwa makofi, chakula chake kitaliwa, na kesho yake kila mtu atarudi kupika alivyozoea. Penye kasoro ni pengine: namna mboga inavyopikwa, namna inavyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, na mazoea ya kuona matunda ni vitu vya watoto kuchezea barabarani. Darasa lijengwe juu ya hayo matatu.

Nimeandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuendesha darasa hilo kijijini au mtaani: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA), kiongozi wa kanisani au msikitini. Shahada ya lishe si lazima. Kinachotakiwa ni kujua kupika, kuwa msafi na kuwa na masikio.

Kwanza angalia msimu

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kati ya Februari na Aprili kijani kimejaa kila mahali. Mlenda unajiotea shambani, kuna mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha pori na mchunga. Mwezi wa saba na kuendelea ni vumbi: mboga ni ile iliyokaushwa, pamoja na mchicha na chainizi za wanaomwagilia kwa maji ya visima. Huo ndio wakati wa ubuyu na ukwaju. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mwezi mzuri wa darasa la kwanza ni Machi. Majani ni ya bure, na watu wana miezi michache ya kukausha kabla kijani hakijapotea. Desemba na Januari usijaribu. Watu wapo shambani tangu alfajiri, na atakayekuja atakuja kwa sababu ya mwenyekiti. Ulizia pia siku ya mnada na siku ya kliniki, usigongane nazo.

Manunuzi yana sheria moja: kitu kisichopatikana kwenye genge la kijiji, au shambani kwa wenyewe, hakipikwi darasani. Soko la Majengo na Soko la Ndugai yana kila kitu, lakini mama wa Mpwapwa hatapanda basi kwenda kutafuta brokoli. Nenda siku moja kabla, zunguka magengeni, nunua mafungu yaleyale wanayonunua wao.

Nani aalikwe

Jiko moja litoshe watu 12 hadi 15. Wakizidi hapo, walio nyuma wanaangalia migongo. Toa taarifa kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mjulishe afisa lishe wa halmashauri. Mara nyingi ana vipeperushi na mizani, tena anafurahi kupata mtu wa kusaidiana naye. Kama kijiji chenu kinafanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu, omba nafasi hapo. Kina mama wenye watoto wadogo watakuwa wameshafika, na kupimwa watoto kutakuwa kumefungua mazungumzo.

Usialike wasichana peke yao. Katika nyumba nyingi mwenye kauli juu ya mboga ni mama mkwe, na binti akirudi na mapishi mapya asiyoyajua mama mkwe, yameishia hapo. Waalike mabibi, na uwape kazi. Baba naye aje angalau siku moja, maana pesa ya sokoni aghalabu inatoka mfukoni mwake, na ndiye wa kwanza kulalamika mlenda usipoteleza.

Ukishasalimia, "Mbukwenyi!", na watu wakaitika, usianze na hotuba. Mwendee bibi mmoja anayeheshimiwa:

"Shikamoo bibi. Leo tunaomba utupikie mlenda wako, kama unavyoupika nyumbani."

"Marahaba mjukuu wangu. Kumbe mimi ndiye nitakayekufundisha wewe?"

"Ndiyo bibi. Ukimaliza nami nitapika wangu, halafu mtaonja yote miwili."

Hapo darasa limeshaanza. Kila mtu anataka kuona nani atashinda.

Vifaa

Meko mawili ya mafiga au majiko mawili ya mkaa, sufuria mbili zinazolingana, upekecho, mwiko, kinu na mchi, ungo, chekecheo, visu viwili vikali, kibao, glasi moja inayopitisha mwanga, kikombe cha kupimia na vijiko. Tumia kikombe cha chai cha kawaida, maana gramu hazina kazi jikoni kwao. Maji yahesabu mapema, kwa sababu vijiji vingi hapa ndoo inanunuliwa au inafuatwa mbali: ndoo tatu zinatosha, moja ya kuoshea mboga, moja ya kupikia, moja ya kunawa. Funga kibuyu chirizi kwenye mti, weka sabuni, na wewe unawe wa kwanza watu wakikuona.

Chungu cha kwanza: mlenda

Bibi apike wake bila kuingiliwa. Kaa karibu, uliza, tazama mkono wake unapochota magadi. Kisha pika wako, kwa watu sita:

Majani mabichi ya mlenda yaliyokatwa, vikombe 4
Majani ya kunde au ya maboga, vikombe 2
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe
Nyanya 2 na kitunguu 1
Maji vikombe 2
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Ndimu ya kukamulia mezani

Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, kila mkato ni mlango wa vitamini kutokea. Chemsha maji pamoja na kitunguu na nyanya mpaka vilainike. Koroga karanga kwenye maji kidogo ya baridi zisifanye mabonge, mimina, acha zitokote kama dakika kumi kwa moto mdogo huku unakoroga, kwa sababu karanga hushika chini upesi. Sasa tia majani ya kunde, na baada ya dakika mbili tia mlenda. Usifunike, mlenda hupanda na kumwagika kama maziwa. Pekecha dakika tano hadi saba, tia chumvi, ipua.

Nyanya ni mbili tu, kwa makusudi. Uchachu hukata utelezi, na mlenda usioteleza, hapa Dodoma, umekataliwa kabla haujaonjwa. Ndiyo maana ndimu inangoja mezani, kila mtu akamulie kwenye sehemu yake.

Kama ni kiangazi, tumia unga wa mlenda mkavu: vijiko vinne vya chakula kwa maji vikombe vitatu. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka huku mkono mwingine unapekecha. Ukiumwaga wote kwa pamoja, utapata madonge yasiyoyeyuka.

Karanga hazikuwekwa kwa utamu pekee. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta kidogo. Asiye na karanga atie kijiko cha mafuta ya alizeti, au ufuta uliotwangwa. Lakini zichague karanga kwenye ungo mbele ya watu. Zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi zitupwe, wala wasipewe kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo huipata. Kuzipika au kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Suala la magadi

Hapa ndipo darasa litakapochemka, kwa hiyo jiandae. Weka sufuria mbili bega kwa bega. Mlenda wa bibi wenye magadi utakuwa wa kijani kibichi kinachopendeza, wako utakuwa umefifia kidogo. Mtu atasema, na kwa haki kabisa, kwamba wa bibi una afya zaidi maana unaonekana mbichi.

Usibishane na macho yao, eleza. Magadi hushikilia rangi ya kijani na kulainisha jani haraka. Hapohapo huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na rangi haikuonyeshi hasara hiyo. Pia magadi ni sodiamu, kama ilivyo chumvi. Mwenye presha anayejizuia chumvi huku akitia magadi kila siku, hajajizuia. Na magadi ya baadhi ya maeneo ya nchi yetu yana floridi nyingi, ile inayobadilisha rangi ya meno ya watoto.

Sasa, mimi sishauri kuyapiga marufuku siku ya kwanza. Ukimnyang'anya mtu utelezi wake hatakusikiliza jambo jingine lolote. Mshauri apunguze nusu wiki hii, nusu tena wiki ijayo. Mlenda mbichi una utelezi wake wa asili na unatosha. Anayetaka zaidi aongeze bamia mbili zilizokatwa. Mlenda mkavu utwangwe laini zaidi na kuchekechwa, utalainika bila msaada.

Chungu cha pili: maji yasimwagwe

Chukua mchicha au majani ya kunde, chemsha kwenye maji mengi kwa dakika ishirini, kisha chuja kama wengi wanavyochuja. Maji uliyochuja yamimine kwenye ile glasi, inyanyue juani. Uliza: "Hii rangi imetoka wapi?" Watajibu wenyewe. Sehemu ya vitamini na madini imo ndani ya hiyo glasi, na mara nyingi huishia kumwagwa nyuma ya nyumba. Hakuna picha ya bango inayofundisha kama glasi hiyo.

Kisha pika fungu jingine kwa maji robo kikombe tu, sufuria ikiwa imefunikwa, dakika tano. Tia kitunguu kilichokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, au karanga.

Mgagani na mchunga vina uchungu, na uchungu ndio sababu watu humwaga maji. Njia mbili husaidia. Ya kwanza ni kuchanganya nusu mgagani na nusu mchicha au kunde. Ya pili wafugaji wanaijua tangu zamani: kuupika na maziwa, fresh au mgando, hadi yakauke ndani ya majani. Kisamvu tu ndicho kina kanuni yake. Kitwangwe vizuri na kichemshwe sana, sufuria wazi, kwa sababu kibichi kina sumu.

Mtu akiuliza kuhusu majani ya kuchuma pembeni mwa mashamba, swali ni zuri. Wachume mbali na mahali palipopigwa dawa siku za karibuni na mbali na barabara kuu.

Chungu cha tatu: uji wenye ubuyu

Dodoma ina mibuyu mingi kiasi kwamba watu wameacha kuiona. Ubuyu unaozungumzwa hapa ni ule unga mweupe mchachu unaozunguka mbegu. Ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari ni peremende, uachwe dukani. Twanga mbegu taratibu ili unga uachie bila kuvunja mbegu, kisha chekecha.

Kwa watoto wanne: unga wa uwele au mtama kikombe 1, maji vikombe 5, karanga zilizosagwa laini vijiko 2 vya chakula, unga wa ubuyu vijiko 3. Koroga unga wa nafaka na maji ya baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika kumi na tano, tia karanga, pika tano zaidi. Ipua. Subiri uji upoe hadi unyweke, ndipo utie ubuyu. Ukiutia jikoni, vitamini C uliyoifuata inaharibiwa na moto. Ukitumia maziwa, ujue kwamba uchachu wa ubuyu utayagandisha. Havidhuru, ila mwonekano unawakimbiza watoto, kwa hiyo chagua kimoja.

Mtoto anaanza kulishwa akifikisha miezi sita, huku akiendelea kunyonya. Uji wake uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika, na ubuyu wake uchekechwe mara mbili kuondoa nyuzi. Siku nyingine mpe boga lililopondwa au kiazi lishe, vile vya njano iliyokolea. Zabibu zioshwe vizuri kwa maji mengi, maana hupigwa dawa ya ukungu zikiwa shambani, na kwa mtoto chini ya miaka mitano kila punje ipasuliwe vipande vinne kwa urefu. Punje nzima inaziba koo.

Kwa watu wazima jambo la matunda ni saa ya kuyala. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C: kipande cha papai, pera, ndimu, kikombe cha maji ya ubuyu kisicho na sukari. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo baada ya ugali hufanya kinyume. Chai isogezwe saa moja au mbili. Wajawazito warudie jambo hili mpaka walikariri.

Kupakua

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Usiitaje namba tu. Ukiwa na mizani, pima mchicha mbichi na mapera mpaka ifike hapo, uweke juu ya sinia, watu waone rundo. Wengi hushtuka, si kwa ukubwa wake, bali kwa kuwa mboga yao ya siku nzima, ikigawanywa kwa watu saba, haifiki hata nusu.

Kisha zungumzia sahani ya pamoja. Watu wakila kwenye bakuli moja, mtoto wa miaka mitatu anapata ugali mwingi na mboga iliyobaki kwenye vidole vya kaka zake. Apakuliwe kibakuli chake, na mboga ijae humo. Hili halina gharama hata ya shilingi moja.

Kukausha kwa ajili ya kiangazi

Hii ipe muda wa kutosha, ikiwezekana siku nzima ya peke yake. Mboga nyingi za kiangazi huanikwa juu ya paa la bati au juu ya mwamba, jua kali likiwa utosini, mbuzi wakipita chini. Jua la moja kwa moja huchoma vitamini A kwenye jani. Fanyeni hivi:

Osha majani, tupa yaliyotobolewa na wadudu. Chemsha maji kwenye sufuria, tia majani kwenye kitambaa chepesi au chekecheo, yazamishe dakika mbili hadi tatu, yatoe. Hatua hii huzuia majani yasiendelee kupoteza ubora ghalani. Yachuje, kisha yatandaze tabaka jembamba juu ya wavu safi ulioinuliwa toka chini, kivulini penye upepo. Upepo wa Dodoma unafanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine. Funika kwa chandarua kilichooshwa ili nzi na vumbi visiingie. Penye kaushio la jua lililofunikwa kwa nailoni, kazi huisha upesi zaidi. Juu ya majani tandika kitambaa cheusi.

Yamekauka pale yanapovunjika kwa mlio ukiyakunja. Yakipinda bado, rudisha, la sivyo yataota ukungu. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au chupa kavu, mahali pa giza. Kilo kumi za majani mabichi zitakupa kilo moja au moja na nusu, kwa hiyo familia ianze mapema na ikaushe kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mvua. Mlenda wa kutwanga hauchemshwi kabla, usije ukaacha utelezi wake kwenye maji. Wenyewe unakaushwa kivulini na kutwangwa.

Kuonja, kisha kurudi

Kila mtu aonje sufuria zote. Wapige kura kwa punje za mahindi kwenye visahani viwili. Mlenda wa bibi ukishinda, mpongezeni kwa dhati, kisha muulize kama wiki ijayo angekubali kupika uleule kwa nusu ya magadi. Nimeona mabibi wakilichukua hilo kama changamoto na kuwafundisha majirani kabla mwalimu hajarudi.

Kabla hawajaondoka pigeni hesabu ya gharama chini kwenye mchanga: nyanya, karanga, kitunguu, kuni. Waandike bei zao wenyewe. Kama chungu chako kimezidi cha kawaida, waulize kipi kipunguzwe, na uandike jibu.

Mgonjwa wa kisukari, figo au presha anayeuliza ale nini, mwelekeze kituo cha afya. Anayesema karanga humwasha koo, asionje.

Baada ya wiki mbili pita nyumba tano au sita. Piga hodi, kaa, kunywa maji ukipewa. Usifunue sufuria ya mtu. Uliza tu: "Jana mlikula nini asubuhi, mchana na usiku?" na acha waeleze bila kuwarekebisha. Uliza pia nani amepunguza magadi, nani alijaribu akashindwa, baba alisema nini. Walioanza kumwagilia mchicha kwenye gunia kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, waombe waje kuonyesha wenzao. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia darasa la pili lipike nini, na kama ni Agosti, peleka zabibu, ubuyu na ile ndoo ya majani waliyokausha wenyewe mwezi wa nne.